Gawa Kabla ya Nguvu

Sheria ya kelele hapa Kenya, ile ya mamlaka ya mazingira, NEMA, ya 2009, inasema usiku unaanza saa mbili na dakika moja. Si saa nne, si saa sita. Saa mbili, wakati wasee wengi ndio wanashuka mathree wakielekea keja. Kutoka hapo mpaka saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa watu kuishi haufai kupitisha desibeli 35. Mchana ni 50. Watu wawili wakibonga tu mezani bila kupandisha sauti hufika karibu 60. So ka unapenda mangoma na unaishi ploti, sheria imekupatia yale masaa uko mboka, ikakunyima yale uko kejani.

Na wachana na sheria kidogo, cheki ukuta. Bedsita nyingi za Eastlands, Kasarani hadi Rongai, kati yako na jirani ni jiwe moja tu, na kitanda chake kimeegemea pale pale TV yako imekaa. Huyo jirani ni mathe ako na mtoi mchanga, ama ni soja analinda usiku na kulala mchana, so hata mchana si wako wote. Trebo ukuta hujaribu kuishika. Bezi haishikiki. Wimbi la hezi 50 liko na urefu wa karibu mita 7, refu kushinda keja yako yote, na linapita kwa jiwe, kwa slabu na kwa mlango ka hakuna kitu hapo. Ndio maana jirani hawezi jua unaskiza ngoma gani lakini anajua dakika yenye ilianza kudunda.

Wasee wengi wameamua hivi: wufa iuzwe, maisha yawe ya hedifoni tu. Mi nakataa. Sisi ni watoi wa nganya. Tulifunzwa muziki na bezi ya mathree, tukaskia ngoma na kifua kabla ya kuiskia na maskio, na hedifoni haiwezi kukupea hiyo kitu juu inasukuma hewa kidogo tu kando ya skio. Lakini spika peke yake pia, ndani ya kachumba kenye ukuta mtupu na sakafu ya simiti, inakuficha vitu. Pumzi ya msanii kabla hajaingia kwa mstari, kigita kidogo kimekaa nyuma upande wa kushoto, ile sauti ya pili yenye prodyusa alilaza chini ya kiitikio: zote zinamezwa na mwangwi. Hedifoni inazitoa moja moja. Msee mwenye anapenda muziki kwa ukweli anafaa vyote viwili, na viwe vimeungwa tayari, ndio saa mbili ikigonga unageuza kitu kimoja na ngoma inaendelea. Si kuingia nyuma ya TV na tochi ya simu kila usiku, uchomoe, uchomeke, mpaka shimo lilegee.

Na hiyo haihitaji doo mob. Inahitaji ujue mahali pa kugawa sauti. Mi huiweka hivi: gawa kabla ya nguvu.

Maana yake ni hii. Ngoma ikitoka kwa simu ama lapi inaanza ka namba. Kuna chipu inaitwa DAC inageuza hizo namba kuwa umeme unaotikisika. Huo umeme ni mdogo, volti 2 ama chini, na ndio mafundi huita sauti ya laini. Unapita kwa waya nyembamba, unaingia kwa ampu, na ampu ndio inaupatia misuli ya kusukuma spika. Kabla ya ampu, unaweza kugawa ile sauti mara mbili, mara tatu, na hakuna kitu kinaumia. Baada ya ampu, umeshika moto. Ngori nyingi za kuunga hedifoni na spika zinatoka kwa msee kugawa upande usiofaa.

Nianze na ile noma zaidi. Unapata mtu ako na ampu ndogo ya kisasa, zile za klasi D zenye ukubwa wa kitabu, na spika mbili za mtumba amezipata poa. Ampu haina shimo la hedifoni. Anafikiria: si waya za spika ziko hapo nyuma, nyekundu na nyeusi, niunge jeki hapo. Buda, wacha. Kwanza nguvu. Wati 20 kwa spika ya omu 8 ni karibu volti 12 na nusu. Weka hizo volti kwa hedifoni ya omu 32 na zinageuka kuwa karibu wati 5, na hedifoni inaridhika na miliwati chache tu. Kile kikoili ndani kinaungua, na ka umeivaa, skio lako limeenda nacho.

Pili, hata ukiteremsha volyumu chini kabisa, ampu yenyewe inaweza kudedi. Ampu nyingi za wahenga, ile waya nyeusi ya kushoto na nyeusi ya kulia zinakutana ndani, zote ni ardhi. Hizi mpya, ka zile zimejengwa na chipu ya TPA3116, kila waya ya spika inasukuma, hata nyeusi. Sasa hedifoni ya kawaida iko na waya tatu: moja ya kushoto, moja ya kulia, na moja yenye zote mbili zinarudia. Ukiunga hizo nyeusi mbili pamoja ndio ziingie kwa hiyo ya kurudia, umepiga shoti ampu yako mwenyewe. Fundi akikuambia ati atakuchomea jeki hapo na lehemu kwa soo mbili, muulize kwanza kama zile nyeusi ni ardhi. Akisita, beba ampu yako uishie.

Ukitaka shimo la hedifoni kwa ampu, tafuta zile za zamani. Risiva za miaka ya 70 na 80, zile za chuma na mbao zenye huletwa na mtumba, karibu zote ziko na shimo kubwa mbele la milimita 6.35. Kwa nyingi, ndani yake hakuna maajabu: sauti inatoka kwa ampu ile ile ya spika, lakini inapitishwa kwa rezista za omu mia kadhaa zenye zinaikata nguvu kabla ifike kwa hedifoni. Halafu mbele kuna swichi ya spika A na B. Zima A, zima B, hedifoni inabaki. Hiyo ndio setapu poa zaidi mtu aliwahi kubuni kwa sebule, na iko hapo miaka yote. Ukiona risiva ka hiyo kwa fundi wa redio mtaani na bado inawaka, usipite hivi hivi. Ingia uiskize.

Hilo shimo kubwa liko na historia ndefu. Jeki ya 6.35 ilianza kwa mitambo ya simu karne ya 19, pale wafanyakazi walikuwa wakichomeka na kuchomoa siku nzima wakiunganisha watu. Ile ndogo ya 3.5 ni mtoto wake. Ndani ya mashimo mengi ya hizi jeki kuna kitu watu hawajui: vyuma vidogo vimegusana, na ukiingiza jeki vinaachana. Hapo ndio ile tenje ya guka inanyamaza ukichomeka hedifoni. Hakuna kompyuta, hakuna akili. Jeki yenyewe imesukuma chuma na kukata njia ya spika. Na 1979, Sony walipotoa Walkman ya kwanza, TPS-L2, waliiweka mashimo mawili ya hedifoni ndio watu wawili waskize pamoja, na kidude cha kupunguza ngoma ndio mbonge bila kuvua. Mtu alikuwa amefikiria kuhusu watu. Siku hizi simu nyingi hazina hata shimo moja, na tangu iPhone 7 ya 2016 hiyo imeonekana ni kawaida.

Sasa tuingie kejani kwako. Wengi wako na wufa. Zile za Sayona, Vitron na wenzao: boksi kubwa moja chini, spika ndogo mbili ama tatu, redio, USB, Bluetooth, na rimoti. Ampu iko ndani ya hilo boksi. Nyuma kuna mashimo mawili ya rangi, nyekundu na nyeupe, yameandikwa AUX. Hapo ndipo sauti ya laini inaingia. Shimo la hedifoni kwa kawaida hakuna, so hutaweza kuchukua sauti kutoka kwa wufa. Itabidi uichukue kabla haijafika huko.

Njia ya doo kidogo ni splita, kile kiwaya cha Y. Upande mmoja unaingia kwa simu yenye bado iko na shimo, ama lapi, mkono mmoja unaenda AUX ya wufa na mwingine unashika hedifoni. Ni soo kadhaa tu, na inafanya kazi. Sauti inatoka kote kwa wakati mmoja, na ukitaka kimya unateremsha wufa na rimoti yake hadi sifuri. Ka unaona hedifoni inakwaruza ukizima wufa kabisa kwa soketi, iwache kwa stima na uiteremshe tu volyumu. Kuna ampu zenye zikikosa umeme zinaanza kula sauti ya hedifoni.

Lakini splita iko na kasoro moja kubwa: volyumu ni moja. Wufa inapenda simu iwe juu, karibu mwisho, ndio ipate sauti safi bila ule mvumo wa chini. Hedifoni zinataka simu iwe chini. So kila ukihama unarekebisha, na siku utasahau kurekebisha ni siku utavaa hedifoni na ngoma ikupige ka kofi. Hapo ndio nasema ongeza kitu kimoja tu kwa njia ya hedifoni: ampu ndogo ya hedifoni yenye volyumu yake. Mimi napenda Behringer HA400 juu ya kazi hii. Ni kaboksi kadogo, kanatoa hedifoni nne na kila moja na kidude chake cha volyumu. Mkono mmoja wa splita unaenda wufa, ule mwingine HA400. Simu inakaa juu saa zote, na kila mtu anajipangia kiasi chake. Beste akikam mcheki muvi saa tano usiku, wote mnavaa na jirani analala. Chunga tu mashimo yake ni yale makubwa ya 6.35, so nunua adapta ndogo hapo hapo, usirudi tao juu ya adapta.

Na kuna hii yenye naiona kila ploti na inaniuma. Splita ya Y ni ya kugawa, si ya kuunganisha. Sauti moja kuenda mahali pawili, sawa. Lakini msee anachukua TV na lapi, anazileta pamoja kwa Y ndio ziingie AUX moja ya wufa, juu AUX ni moja tu. Hapo TV inasukuma lapi na lapi inasukuma TV. Ngoma inatoka imefifia, na baada ya muda unaweza ua tundu la moja yao. Kitu unafaa kununua ni swichi ya AV, kile kiboksi chenye vitufe vitatu vya kuchagua, watu walikuwa nacho enzi za VCR na pleya ya DVD. Haitumii stima hata. Na uzuri wake, zile za kawaida zinafanya kazi pande zote mbili: unaweza kuingiza vitu vitatu vikatoka kimoja, ama ukaigeuza, kimoja kikaingia na ukachagua kitoke wapi. Wufa kwa kitufe cha kwanza, ampu ya hedifoni kwa cha pili. Saa mbili imegonga, unabonyeza.

Wale wa lapi, haswa wenye wanatengeneza biti ama kuedit vidio za watu, wako na njia fiti zaidi. Achana na lile shimo la kando ya lapi. Ukichomeka kitu hapo lapi yenyewe inazima spika zake, na sauti ya hilo shimo mara nyingi imejaa mikwaruzo ya mashine. Chukua intafesi ya USB. Ndani yake kuna DAC, ampu ya hedifoni mbele, na mashimo ya spika nyuma, yote kwa boksi moja. Yaani ile kazi ya kugawa kabla ya nguvu ushafanyiwa. Lakini cheki kitu kimoja kabla hujatoa doo. Focusrite Scarlett Solo ya kizazi cha tatu, kile kidude kikubwa cha mbele kinapandisha hedifoni na spika pamoja. Ndugu yake 2i2 iko na kidude tofauti cha hedifoni. Kwa mtu anaishi ploti, hicho kidude kimoja zaidi ndio sababu ya kuongeza pesa. Unazungusha spika sifuri, hedifoni zinabaki mahali zilikuwa, umemaliza.

Spika za kuunga na intafesi ni zile ziko na ampu ndani yake. PreSonus Eris E3.5 na Mackie CR3 hizo ni ndogo, zinakaa mezani, na ziko na shimo la hedifoni hapo mbele lenye likiguswa spika zinanyamaza. Ka huna doo ya intafesi, spika ka hizo peke yake zinakumalizia maneno yote: waya moja kutoka lapi, hedifoni mbele, basi. Edifier R1280T inapendwa sana na inatoa sauti tamu, iko na njia mbili za kuingiza nyuma, so TV na lapi zinakaa zote bila kupigana. Haina shimo la hedifoni lakini, so panga kugawa kabla ya kuifikia.

Kuna pia ampu za hedifoni za mezani zenye zinajua kushughulikia spika. Schiit Magni, kwa mfano, iko na mashimo ya laini nyuma ya kupeleka kwa spika zenye ampu, na ukichomeka hedifoni mbele hayo ya nyuma yananyamaza yenyewe. Hizi za kuagiza nje ni bei, na kwa msee anaanza sizipi kipaumbele.

Wale wa Bluetooth watasema mbona tusitumie hewa. Kwa ngoma tupu, sawa kabisa. Lakini kwa muvi, kwa gemu, na kwa kutengeneza biti, Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti milisekunde mia moja, mia mbili, na wakati mwingine zaidi. Unaona mdomo umefunga ndio neno linafika. Waya haichelewi.

TV nayo iko na tabia zake. Shimo la hedifoni la TV, ka iko nalo, nyingi zitazima spika zake ukichomeka, na wakati mwingine kwa mipangilio unaweza kuiambia itoe kote kuwili. TV nyingi mpya hazina hilo shimo, zimebaki na lile la mwanga, optiko, na HDMI ya ARC. Kwa optiko unanunua kiboksi cha kugeuza mwanga kuwa sauti ya laini, na inatoka hapo kwa RCA, yale mashimo nyekundu na nyeupe ka ya wufa, unagawa ka kawaida. Mambo mawili yatakusumbua ka hujaambiwa. Moja, ingia mipangilio ya sauti ya TV na uchague PCM. Ukiacha Dolby, kile kiboksi hakielewi hiyo lugha, utapata kimya ama mkwaruzo. Pili, TV nyingi hutoa optiko kwa kiwango kimoja, so rimoti ya TV haitabadilisha volyumu. Volyumu itakuwa ya wufa na ya ampu ya hedifoni, na ukishazoea ni afadhali hivyo.

Halafu kuna ule mvumo. Umeunga kila kitu poa, unawasha, na chini ya ngoma kuna mmmmm haiishi. Stima yetu ni volti 240 na hezi 50, na huo mvumo ni hiyo hezi 50 na jamaa zake wa 100 na 150. Mara nyingi chanzo ni ardhi mbili: chaja ya lapi ya pini tatu inashika ardhi huku, kitu kingine, labda TV yenye imeungwa na dishi la paa, kinashika ardhi kule, na waya yako ya sauti imekuwa daraja kati yao. Jaribu hivi. Chomoa chaja ya lapi, uache iende na betri. Mvumo ukikatika, umejua adui. Dawa ni kiboksi kidogo cha kutenga ardhi chenye kinakaa kati kati ya waya ya 3.5. Ndani yake ni transfoma ndogo mbili, na ngoma inapita bila waya kugusana. Ama peleka kila kitu kwa ekstenshoni moja, soketi moja ya ukuta, ndio ardhi iwe moja.

Lakini usivunje pini ya ardhi ya plagi. Usiitoe, usiifunge tepu. Kuna wasee mtaani hufanya hivyo na mvumo unaisha kweli, na siku waya ya ndani italegea na kugusa chuma, hiyo pini ndio ilikuwa inafaa kukuokoa. Keja nyingi zetu waya zake zimepigwa haraka haraka. Hapo si pa kucheza.

Omu nazo zinachanganya watu kwa duka. Namba ya omu kwa hedifoni haikuambii ni kali ama si kali, inakuambia ni ngumu aje kuisukuma. Beyerdynamic DT 770 Pro inauzwa ya omu 32, ya 80 na ya 250. Msee anachukua ile ya 250 juu namba ni kubwa, anaichomeka kwa simu, anapata sauti ya mbu. Ka unatumia simu ama lapi moja kwa moja, kaa kwa 32 mpaka 80. Audio-Technica ATH-M50x ni 38, Sony MDR-7506 ni 63, zote zinakubali simu. Hizo za juu ziache za mtu ako na ampu ya hedifoni.

Na maskio. Hili naliweka kwa nguvu juu naona mabeste wanalala na hedifoni zikiwa mwisho, wakidhani wamemaliza shida ya jirani. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki ni salama kwa mtu mzima. Ukipanda hadi 90, masaa yanashuka kuwa 4. Kwa wiki nzima. Kila desibeli 3 unaongeza zinakukata nusu ya muda wako. Ile firimbi ndogo ndani ya skio ukitoka klabu, mara za kwanza inaisha. Ikija kukaa, hairudi nyuma, na hakuna hedifoni ya bei yoyote itakurudishia trebo yenye umepoteza. So tabia ya kuweka: kabla ya kuhama kutoka spika kwenda hedifoni, teremsha kwanza, vaa, halafu panda polepole. Na hedifoni zenye zimefunga skio lote zinakusaidia juu zinazuia kelele za nje, so huna haja ya kushindana na jenereta ya bucha hapo chini.

Ukienda kununua, Luthuli Avenue, hapo tao Nairobi, ndio mahali. Enda asubuhi kabla watu wajae, na enda na vitu vyako: simu yako, hedifoni zako, na ngoma moja yenye unaijua kutoka mwanzo hadi mwisho, yenye iko na kitu cha kushoto peke yake na kitu cha kulia peke yake. Usikubali kuuziwa mbuzi kwa gunia. Mwambie muuzaji achomeke hapo kaunta. Sukuma balansi ya simu yote kushoto: ni hiyo spika ya kushoto inatoa, na hiyo skio la kushoto linaskia? Sukuma kulia. Tikisa jeki kidogo ndani ya shimo uskize ka inakatika. Kwa splita, jaribu mikono yote miwili, juu nyingi za bei ya chini mkono mmoja hutoka dukani ukiwa umekufa. Kwa swichi, bonyeza kila kitufe. Zungusha kila volyumu pole pole kutoka chini kabisa: ikianza upande mmoja kabla ya mwingine, ama ikikwaruza, omba nyingine kabla hujalipa. Na chukua waya ndefu kuliko yenye umepima, nusu mita zaidi, juu itabidi izunguke nyuma ya meza, na waya imevutwa ka kamba ya nguo ndio hukata kwa shingo ya jeki.